Medali ya Kisovieti ni orijino? Njia tano za kuihakiki, na ipi ikufae wewe

Mtu aliyeshika nishani ya Nyota Nyekundu na kuuliza kama ni orijino anauliza maswali matatu kwa mpigo. Madini ni yale yaliyotakiwa? Ilipigwa kweli na kiwanda cha sarafu cha dola ya Kisovieti? Na namba iliyo mgongoni, pamoja na kijitabu cha tuzo za mwenyewe kama kipo, ni vyake tangu mwanzo? Hakuna njia moja inayojibu yote matatu. Wanunuzi wengi hupigwa hapo: wanalipia jibu la swali moja, kisha wanatembea wakidhani wamejibiwa yote.

Bandia zenyewe ziko za namna nne. Kuna ya kusubu, ambapo mtu huchukua medali halisi, akatengeneza kalibu juu yake na kumimina madini. Kuna iliyopigwa kwa muhuri mpya wa chuma, yaani kile kigongeo kinachochapa sura kwenye madini. Hii huwa na kingo kali na inapendeza macho. Kuna halisi iliyochezewa: namba imefutwa na kuandikwa nyingine, enameli imezibwa, skrubu ya nyuma imelehemiwa upya. Na kuna iliyo halisi kabisa, ila karatasi zinazoambatana nayo ni za mwanajeshi mwingine, au inauzwa kwa jina la toleo ambalo silo. Ukijua unaogopa ipi kati ya hizo, nusu ya kazi ya kuchagua njia imekwisha.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kila njia hapa chini inaulizwa mambo yaleyale: inajibu swali lipi, inataka nini, inaweza kuidhuru medali au la, inakwama wapi, na inamfaa nani. Mifano itatoka kwenye vitu vinavyopatikana sana sokoni. Nishani ya Nyota Nyekundu ilianzishwa tarehe 6 Aprili 1930. Ni ya fedha, ina enameli nyekundu na hufungwa kwa skrubu na nati. Medali ya “Kwa Ushujaa”, ambayo wakusanyaji huiita Za Otvagu, ni ya fedha pia na ilianzishwa tarehe 17 Oktoba 1938. Medali ya Ushindi dhidi ya Ujerumani ni ya shaba njano, haina namba, na ilianzishwa tarehe 9 Mei 1945. Ya mwisho ni nishani ya Vita vya Uzalendo (ndivyo Wasovieti walivyoita vita yao dhidi ya Ujerumani, 1941 hadi 1945), iliyoanza tarehe 20 Mei 1942 na kutolewa tena kwa wingi mwaka 1985.

1. Kuikagua mwenyewe nyumbani

*Inajibu nini.* Hii ndiyo inayonasa bandia za kusubu, madini yasiyofaa, na sehemu kubwa ya kazi za kuchezea namba. Tunaiweka kwanza kwa sababu hata anayekusudia kumlipa mtaalamu atajibiwa vizuri zaidi akienda na vipimo mkononi.

*Inataka nini.* Mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kalipa yenye meno ya plastiki ili isikwaruze, lenzi inayokuza mara 10, sumaku ndogo yenye nguvu, tochi ya kawaida na tochi ya urujuanimno (UV). Nusu saa inatosha.

Anza na sumaku. Fedha na shaba njano hazivutwi. Lakini ielekeze kwenye duara la medali lenyewe. Usiiguse kwenye kibao cha pembe tano kinachoshika utepe. Vibao vya wakati wa vita vilitengenezwa kwa shaba njano na hata kwa chuma, na cha chuma kitavutwa bila medali kuwa na kosa. Vya alumini vilikuja baadaye, kwa hiyo medali ya vita yenye kibao cha alumini imebadilishiwa kibao tu. Hilo hutokea sana na si ushahidi dhidi ya duara. Za Otvagu za mwanzo zilining’inia kwenye kibao kidogo cha mstatili chenye utepe mwekundu. Agizo la tarehe 19 Juni 1943 ndilo lililoleta kibao cha pembe tano chenye utepe wa kijivu na mistari miwili ya buluu. Medali nyingi za mwanzo zilihamishiwa kibao kipya.

Kisha pima. Za Otvagu ina kipenyo cha milimita 37, ya Ushindi milimita 32, na Nyota Nyekundu kutoka ncha hadi ncha ni kati ya 47 na 50. Madini yanapopoa ndani ya kalibu hunywea, ndiyo maana ya kusubu mara nyingi hupungua sehemu kadhaa za kumi za milimita. Duara la Za Otvagu linalosoma 36.5 halijachakaa, limezaliwa dogo.

Uzito una uvumilivu mpana kuliko watu wanavyodhani. Maelezo rasmi yanaipa Nyota Nyekundu gramu 33.3 hivi, na Za Otvagu bila kibao gramu 27.9 hivi, huku yakiruhusu tofauti ya takribani gramu moja na nusu juu au chini. Mizani peke yake haimtii mtu hatiani. Inakuwa na nguvu ikiambatana na kipimo cha maji, yaani uzito ukigawanywa kwa maji yaliyosukumwa. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning’iniza medali kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini. Tarakimu inayotokea ni gramu za maji zilizosukumwa. Duara la gramu 27.9 la fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha kati ya 1,000, litasukuma kama 2.7, ambayo ni 10.3 ukigawanya. Likisukuma 3.1 umepata 9, na hapo huenda umeshika mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Kipimo hiki kina mipaka miwili. Kama duara bado limefungwa kwenye kibao, usifungue kipete ili kulipima. Kipete kilichopinduliwa kinashusha thamani kuliko shaka uliyokuwa nayo. Na usikitumie kwa Nyota Nyekundu. Enameli ni kioo, ni nyepesi, nayo imefunika sehemu kubwa ya nyota, hivyo jibu litashuka mno hata kama nishani ni safi.

Kazi yenyewe hasa iko chini ya lenzi. Geuza Nyota Nyekundu: utaona maneno “МОНЕТНЫЙ ДВОР”, yaani kiwanda cha sarafu, na chini yake namba. Namba iliyochongwa kwa mkono kwa patasi ya mchongaji ina mfereji wenye kuta safi zinazong’aa, unaoanza mwembamba kisha ukanenepa. Iliyochongwa kwa mashine ya kuzunguka ina vijiwimbi chini ya mfereji. Ya kusubu inakuwa na mfereji laini wenye chembechembe, kama ulioyeyuka kidogo, kwa kuwa namba ilinakiliwa pamoja na medali nzima. Namba iliyofutwa na kuandikwa upya huacha bonde dogo kuizunguka: elekeza tochi kwa ulalo, karibu sambamba na uso wa chuma, na bonde litaonekana kama kivuli. Tazama pia uchafu. Mgongo uliojaa weusi wa miaka themanini hauwezi kuwa na namba nyeupe peke yake. Ukikuta herufi “Д” baada ya namba usishtuke. Ndiyo iliyowekwa kwenye nakala zilizotolewa kwa waliopoteza za kwanza.

Kwenye uso, angalia sura ya askari na bunduki yake, kwani hapo ndipo kunakosuguliwa na nguo. Askari akiwa amelika huku enameli haina hata mkwaruzo, uliza maswali. Washa tochi ya urujuanimno gizani: gundi na resini mara nyingi hung’aa tofauti na kioo. Mwisho kagua shina la skrubu. Lehemu iliyomwagika kando, au enameli iliyopasuka upande wa pili mahali hapohapo, inaonyesha shina liliwekwa upya.

*Hatari kwa medali.* Hakuna, ukijizuia kuisafisha. Dawa ya kung’arishia, limau, siki na majivu huondoa ule weusi ambao ni sehemu ya ushahidi.

*Inakwama wapi.* Kwenye bandia iliyopigwa kwa muhuri mzuri, kwa fedha halisi, yenye uzito sahihi. Hapo vipimo vyote vitapita.

*Inamfaa nani.* Kila mtu, na kwa medali za bei ndogo inatosha peke yake.

2. Kulinganisha picha na kuuliza wakusanyaji wazoefu

*Inajibu nini.* Swali la kiwanda: muhuri uliotumika ni wenyewe? Viwanda vilibadilisha mihuri kwa miaka, na kila muhuri una alama zake, kama umbo la herufi, idadi ya mikunjo ya koti la askari, au umbali kati ya neno na ukingo. Wakusanyaji wamezipanga alama hizo pamoja na namba zilizotoka nazo. Nyota Nyekundu ambayo mgongo wake ni wa toleo la awali huku namba ikiwa ya miaka ya baadaye imejifunga yenyewe.

*Inataka nini.* Mbinu yenye nguvu kuliko zote hapa haina malipo: tafuta kwenye kumbukumbu za minada nishani yenye namba iliyo jirani na yako, tofauti ya mia chache tu. Zilizotoka kiwandani kwa wakati mmoja hufanana mgongo, na mara nyingi hata mwandiko wa mchongaji wa namba. Tafuta na namba yako yenyewe. Ikitokea kwenye tangazo jingine, ikiwa na mikwaruzo tofauti, basi moja kati ya mbili si halali.

Picha za kuwatumia wajuzi ziwe hivi: uso na mgongo kamera ikiwa imenyooka juu, kwenye mwanga wa dirishani usio na jua kali, kisha namba kwa karibu, ukingo, na shina la skrubu nati ikiwa imefunguliwa. Usitumie flashi, maana hufuta vivuli, nasi tunatafuta vivuli.

*Hatari kwa medali.* Hakuna. Hatari iko kwenye jibu, kwa sababu wa kwanza kujibu huwa ndiye anayejiamini, na wengine humfuata. Jibu la “inaonekana sawa” bila kutaja alama lipuuze, liwe la kukufurahisha au la kukuudhi.

*Inakwama wapi.* Picha haina uzito wala haisemi madini ni nini. Na kwa medali isiyo na namba, kama ya Ushindi, mbinu ya namba jirani haipo.

*Inamfaa nani.* Anayenunua kwa mbali na bado hajalipa.

3. Mashine ya eksirei ya kupimia madini

*Inajibu nini.* Madini tu, ila inajibu kwa usahihi. Dakika moja, na skrini inaonyesha asilimia za fedha, shaba, nikeli, zinki.

*Inataka nini.* Mashine hizi zipo kwa wanunuzi wa dhahabu, na maabara za vito. Tanzania utazikuta kwenye masoko ya madini yaliyofunguliwa tangu 2019. Wenzetu walioko Ghuba wanazo kwa masonara wakubwa. Omba wapime sehemu mbili tofauti zisizo na enameli, mbele na nyuma, na shina la skrubu likiwezekana.

*Hatari kwa medali.* Mashine yenyewe haigusi kitu. Hatari ni fundi. Sonara aliyezoea kazi yake atatoa jiwe na tindikali, au atapitisha tupa ukingoni kabla hujafungua mdomo. Mwambie kabla hujaitoa mfukoni kwamba hutaki kukwaruza wala kutonesha kitu.

*Inakwama wapi.* Mionzi husoma tabaka la juu tu. Kitu kilichopakwa fedha nene kinaweza kuipumbaza, ndiyo maana inaenda sambamba na kipimo cha maji pale kinapofaa. Zaidi ya hapo, fedha ya 925 si siri ya serikali: kijiko cha zamani kikiyeyushwa kinatoa madini yaleyale. Kupita hapa ni ruhusa ya kuendelea na ukaguzi.

*Inamfaa nani.* Mwenye kitu kinachodaiwa kuwa cha dhahabu. Nishani ya Vita vya Uzalendo daraja la kwanza ya wakati wa vita ina dhahabu, wakati ile ya 1985 ni ya fedha iliyopakwa dhahabu na imepigwa kwa kipande kimoja, si vipande vilivyounganishwa. Zote mbili ni halisi. Kuuza ya pili kwa bei ya ya kwanza ni wizi ambao wajuzi wa mihuri watauona pia, lakini mashine haina ubishi.

4. Kufuata nyaraka

*Inajibu nini.* Nani alipewa, lini, kwa kitendo gani. Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilifungua hazina ya mtandaoni ya Podvig Naroda mwaka 2010, na Pamyat Naroda mwaka 2015. Humo kuna picha za hati za tuzo za vita ya 1941 hadi 1945 kutoka kumbukumbu kuu zilizoko Podolsk, bila malipo.

*Inataka nini.* Jina, kwa herufi za Kirusi, pamoja na jina la baba na ikiwezekana mwaka wa kuzaliwa. Utafutaji unaanzia kwenye jina. Namba ya nishani peke yake haitakufikisha mbali. Kwa hiyo njia hii inaanza kuwa na maana ukiwa na kijitabu cha nishani, kile kinachoorodhesha tuzo za mtu mmoja na namba zake. Linganisha namba ya kijitabuni na ya mgongoni tarakimu kwa tarakimu, kisha tarehe na kikosi vya kijitabuni na hati iliyoko mtandaoni. Kagua wino: ukurasa mzima ukiwa umeandikwa kwa kalamu moja halafu mstari mmoja una wino mwingine, huo mstari ndio wa kuchunguza, ingawa askari aliyepewa tuzo tena miaka ya baadaye naye huongezewa mstari kihalali.

*Hatari kwa medali.* Hakuna.

*Inakwama wapi.* Hati inathibitisha kwamba mtu alipewa tuzo. Haithibitishi kwamba kipande kilicho mkononi mwako ndicho. Walaghai hupenda kijitabu halisi ambacho medali zake zilishapotea: wanaitafuta nishani halisi ya kawaida, wanafuta namba, wanachonga ile ya kijitabuni, na seti inauzwa kwa bei ya seti kamili. Ndiyo maana namba inayolingana na karatasi inabidi irudi chini ya lenzi kabla hujaishangilia.

*Inamfaa nani.* Mnunuzi wa seti, na familia inayotaka kujua historia.

5. Cheti cha mtaalamu wa kulipwa

*Inajibu nini.* Kwa mtaalamu mzuri, maswali yote matatu, kwa kiwango anachokuwa tayari kuweka sahihi.

*Inataka nini.* Ada, muda wa kusubiri, na mara nyingi kuisafirisha. Cheti cha maana kina picha ya medali yenyewe pande zote mbili, uzito, vipimo, namba, na jina la aliyekagua. Bora zaidi kama kinasema anarudisha nini akikosea. Karatasi yenye muhuri na neno “halisi” bila picha inaweza kuambatana na medali yoyote.

*Hatari kwa medali.* Posta na forodha. Usiitume Urusi kwa ukaguzi: kifungu cha 324 cha sheria ya jinai ya huko kinahusu kununua na kuuza nishani za serikali bila halali, zikiwemo za Kisovieti, na kuirudisha nje ni tatizo jingine. Tafuta mtaalamu au nyumba ya mnada katika nchi ambako biashara hii ni halali.

*Inakwama wapi.* Pale anayetoa cheti ndiye anayeuza.

*Inamfaa nani.* Mwenye kitu ambacho bei yake inaimeza ada bila kutikisika.

Kwa hali yako

Umepata medali ya Ushindi: ishia kwenye sumaku, kalipa na lenzi. Ilitolewa kwa watu zaidi ya milioni 14, bei yake ni ndogo, na ada ya cheti huizidi.

Unataka Nyota Nyekundu au Za Otvagu kutoka kwa muuzaji aliye mbali: anza na picha na namba jirani kabla ya kulipa, pata kwa maandishi muda wa kurudisha, na ikifika tu fanya ukaguzi wa nyumbani siku hiyohiyo. Mashine ya eksirei iache mpaka uzito au rangi vikutie shaka. Muuzaji anayekataa kufungua nati ili upige picha mgongo mzima, mwache na mali yake.

Unanunua seti yenye kijitabu: tangulia na nyaraka, halafu tumia muda wako mwingi kwenye namba.

Unafikiria nishani ya Lenin, ambayo ni ya dhahabu na platini, au ya Utukufu daraja la kwanza, ambayo waliofikia hawazidi 3,000: pitia njia zote, na mtaalamu aione kabla fedha hazijatoka benki.

Unauza: piga picha kamili, andika uzito na vipimo kwenye tangazo, na usiiguse kwa kitambaa cha kung’arishia.

Na kama ni kisanduku cha mzee aliyesoma Moscow, kwenye Chuo cha Patrice Lumumba au kwingine, huenda hakuna haja ya yote haya. Vingi vya vitu hivyo ni beji za ukumbusho zilizouzwa vibandani, zenye pini nyuma na wakati mwingine bei iliyogongwa kwa kopeki. Beji hizo nazo zina wakusanyaji wake, lakini hazikuwahi kuwa nishani za dola. Chagua kwanza zenye namba, zenye skrubu au zenye kibao cha pembe tano, ndizo uzipeleke kwenye mizani.